Jinsi ya Kumpeleka Bibi Kuona Miguu Sabini na Miwili

Kwanza kabisa, usimwambie mama yako kwamba mnakwenda kutazama wasichana wakirusha miguu. Mimi nilimwambia hivyo kwa simu, wiki mbili kabla hajapanda ndege kuja kwetu Jersey City, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata nikadhani mtandao umekata. Mama ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Mtaa mzima unamwita Bibi, na ushungi haumtoki kichwani hata akiwa peke yake na paka. "Mwanangu," akasema hatimaye, "ndiyo nivuke bahari nije nione hayo?"

Mwambie hivi: "Mama, tunakwenda kuona halaiki."

Neno hilo moja linamaliza kazi. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania haelezwi halaiki ni nini: mamia ya watoto uwanjani, sare moja, filimbi moja, mikono inapanda na kushuka kama shamba la mpunga linalopitiwa na upepo. Mwaka niliochaguliwa nilikuwa darasa la tano, na Mama alinisubiri nje ya Uwanja wa Mkwakwani akiwa na chupa ya maji na kanga ya kunifuta jasho. Anayajua mazoezi ya juani. Anamjua mwalimu anayepita nyuma ya mistari na kijiti chake. Anajua kwamba mtoto mmoja akichelewesha mkono mmoja, macho ya uwanja mzima yanamwendea yeye. Basi, Rockettes wa New York ni halaiki ya watu 36 wazima, wanaoifanya kwa mshahara na kwa mwendo wa kasi kuliko wetu. Akishaelewa hilo, atauliza swali moja tu: avae nini.

Avae koti zito, sweta chini yake, soksi za sufu, na viatu ambavyo hatavionea huruma kwenye maji ya theluji. Kanga aifunge juu ya koti akitaka. Mama aliifunga, na pale mlangoni watu watatu walimsimamisha kumuuliza ameinunua wapi.

Onyesho lenyewe linaitwa Christmas Spectacular, na nyumba yake ni Radio City Music Hall, Sixth Avenue pembeni mwa barabara ya 50, Manhattan. Msimu huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Januari, na siku nyingine linachezwa hata mara nne. Ni dakika 90, bila mapumziko. Maneno hayo mawili ya mwisho yashike vizuri, tutayarudia tukifika kwenye suala la choo.

Sasa saa. Familia yetu imekulia pande mbili za dunia, na saa zetu ni za namna mbili. Mpwa wangu amezaliwa huku huku. Kiswahili anakielewa, lakini hesabu ya saa ni ya Kimarekani. Nilimwandikia, "Tukutane mlangoni saa nane kasorobo." Tiketi zilikuwa za saa nane mchana. Akasoma nane, akafika robo kabla ya 8:00 ya usiku, amependeza, ameshika ua moja jekundu la bibi yake, na sisi tumeshakula na kuoga nyumbani. Alilileta ua lile usiku uleule kwa treni. Tangu hapo kila ujumbe unaohusu saa nauandika mara mbili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu za kwenye tiketi. Nawe fanya hivyo hata kama unadhani wote wanajua.

Na kama mgeni wako ametua juzi, kata tiketi za asubuhi. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Tanga kwa saa nane kamili. Onyesho la saa mbili usiku, kwa mwili wa Mama, ni saa kumi alfajiri. Mwili huo hausubiri dansi, unasubiri adhana. La saa tano asubuhi kwake ni saa moja jioni, saa ya baraza, saa ya kuwa macho na kuongea. Watoto nao wanakuwa bado hawajachoka, na mkitoka saa sita na nusu, adhuhuri anaiwahi bila kukimbizana. Sisi la saa nane mchana tulilipata kwa sababu nilichelewa kukata. Saa ya mwisho Mama aliipitisha kwa nia tu.

Nakuja kwenye viti, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote: usinunue vya mbele.

Najua kwa nini unavitaka. Umempa Mama ahadi, unataka aone nyuso, unataka aone shanga. Nami mwaka wa kwanza, kabla Mama hajaja, niliwapeleka watoto tukakaa safu ya nne, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu baba watoto naye anasoma. Tuliona viatu. Tuliona wachezaji sita waliokuwa mbele yetu, jasho la mmoja wao, na kishikizo kilicholegea. Kitu kilichotupeleka pale hatukukiona, kwa maana kitu hicho ni mstari, na mstari hauonekani ukiwa umeusogelea. Mtoto wa halaiki yeye mwenyewe haoni picha anayoichora. Mimi niliambiwa na Mama, nje ya Mkwakwani, kwamba tulikuwa tumeandika neno UMOJA. Nilichokuwa nimekiona mwenyewe ni kisogo cha msichana wa mbele yangu.

Panda juu. Ukumbi ule una viti karibu 6,000, na juu ya vile vya chini kuna roshani tatu zilizojengwa bila nguzo ya kukuziba. Ya kwanza ndiyo bora, ya pili inafaa sana, na ya tatu ndiyo tuliyokaa na Mama. Kutoka kule unaliona jukwaa lote, lenye upana wa mita 44 hivi, na matao ya dhahabu yanayolizunguka yakipanuka kuja kwako kama jua linapozama baharini. Mama alikaa, akatazama matao yale yakibadilika rangi, akasema, "Magharibi ya Raskazone." Raskazone ni pale pwani ya Tanga tulipokuwa tukienda Jumapili. Sikuwa nimewaza hivyo, na sasa siwezi kuyaona vinginevyo.

Mkifika mapema mtasikia kinanda. Kuna kinanda kikubwa cha Wurlitzer chenye meza mbili za kupigia, moja kila upande wa jukwaa. Hutokeza ukutani mpigaji akiwa tayari ameketi, na sauti yake unaisikia kwenye mbavu kabla haijafika masikioni. Wengi wanaingia wakiwa bado wanatafuta namba za viti, wanaikosa. Ongeza nusu saa kwenye hesabu yako. Kutoka kwetu tunapanda treni ya PATH pale Journal Square hadi barabara ya 33, kisha treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Rockefeller Center. Ni safari nyepesi siku nyingine zote, ila Jumamosi ya Desemba ni kama kupita soko la Mgandini siku ya kuamkia Idi. Mtoto mdogo mshike mkono, na bibi mshike mkono wa pili. Maandazi yaliwe ndani ya treni. Begi kubwa liacheni nyumbani, maana mlangoni kuna ukaguzi na litawarudisha.

Foleni ya nje ni ndefu na ina baridi. Itumie kusimulia. Mimi niliwasimulia habari za mwaka 1978, kwa sababu ndizo zinazonigusa. Jengo lilifunguliwa tarehe 27 Desemba 1932, wakati Marekani imezama katika ukata mkubwa, na kwa miaka mingi watu walilijia kwa tiketi moja kutazama filamu na onyesho la jukwaani. Kufikia miaka ya 1970 watazamaji walikuwa wamepungua, na mwanzoni mwa 1978 ilitangazwa kwamba litafungwa mwezi Aprili. Waliokataa ni wachezaji wenyewe. Rosemary Novellino-Mearns, nahodha wa kundi la baleti la ukumbi huo, aliunda kamati na wenzake, wakakusanya saini, na Rockettes wakatoka nje kurusha miguu mbele ya wapiga picha. Machi mwaka huohuo jiji likautangaza ukumbi wa ndani kuwa urithi usioweza kubomolewa. Mtoto wangu mdogo, ambaye alikuwa na miaka sita, akaniuliza, "Walicheza ili nyumba isivunjwe?" Nikamjibu ndiyo. Akageuka kuutazama ukuta, akaugusa kwa glavu.

Sasa choo. Mkiingia, kabla ya popcorn, kabla ya picha, kabla ya kustaajabia zile taa za vioo kwenye ukumbi wa kuingilia: choo. Wote. Hata anayesema hana haja. Dakika 90 ni chache kwa mtu mzima na ni nyingi kwa kibofu cha miaka sita, na ukitoka katikati unapita mbele ya magoti ya watu kumi na tano waliofunikwa na makoti. Ukirudi, wale askari wa mbao nitakaowaeleza baadaye wameshaanguka, na hawaanguki mara ya pili. Huko ndani usiwaharakishe sana, maana vyumba vya mapumziko vya jengo hili vilichorwa na wasanii wa kweli. Kimoja cha wanawake kwenye roshani ya pili kimejaa maua na majani makubwa yaliyochorwa ukutani na Yasuo Kuniyoshi. Mama alisimama akayatazama mpaka binti yangu akamvuta.

Basi taa zinazimwa, pazia la dhahabu linapanda, na hapa ndipo mtu anapohitaji kujua atazame nini.

Usichague mmoja. Hilo ndilo kosa la kila anayekuja mara ya kwanza: jicho linamkamata mchezaji mmoja mwenye tabasamu zuri na kumfuata yeye tu. Liachie jicho. Lifanye zembe, kama unavyotazama bahari. Ndipo utaona kwamba zile si jozi 36 za miguu, ni kitu kimoja kinachopumua. Wa kati ndio warefu zaidi, na kimo kinapungua kidogo kidogo kuelekea ncha zote mbili, ili ukiwa mbali uone wote wako sawa. Anayeomba kazi hii anatakiwa awe kati ya sentimita 165 na 179 hivi. Tofauti inapita nusu shubiri, na wewe pale juu hutaiona. Sakafuni kuna namba na mistari, kila mmoja anajua kidole chake cha mguu kinapaswa kukaa wapi.

Halafu wanajipanga, mikono inapita nyuma ya migongo, na miguu inaanza kupanda, kila mmoja hadi usawa wa macho. Mwambie aliye karibu nawe, lakini kwa kunong'ona: hawajashikana. Mikono ile inagusa kitambaa tu cha nguo ya jirani. Mtu akimwegemea mwenzake, au akijitegemeza kwake mguu ukiwa hewani, mstari unayumba wote. Kwa hiyo kila mmoja anasimama kwa nguvu zake mwenyewe, na kupitia ncha za vidole anasikia pumzi ya wa kulia na wa kushoto. Zamani, kule Manchester, Uingereza, John Tiller aliwafundisha wasichana wake kucheza wakiwa wameshikana mikono kiunoni, ndiyo siri yake ya kuwaweka pamoja. Mmarekani Russell Markert aliwaona Tiller Girls mwaka 1922, akavutiwa, na mwaka 1925 akaanzisha kundi lake la wasichana 16 huko St. Louis, jimbo la Missouri. Walikuja New York, wakaongezeka, na jengo lilipofunguliwa 1932 walikuwamo. Jina la Rockettes walilipata miaka miwili baadaye.

Mama hakujua lolote kati ya hayo, wala hakuhitaji. Mstari wa kwanza wa miguu ulipopanda, alinishika goti. Ulipotua, akaniinamia. "Hawa wanacheza lelemama," akasema.

Sikuelewa, mpaka aliponieleza tukiwa kwenye treni ya kurudi. Lelemama ya wanawake wa pwani, ile aliyokuwa akiichungulia utotoni mlangoni kwa shangazi yake, haina miguu ya kurusha. Ni wanawake waliojipanga, sare moja, wanasogeza mikono na mabega kidogo sana. Lakini sheria ni hizohizo. Macho mbele. Uso mtulivu. Hakuna anayeongeza mbwembwe zake. Ustadi ni kufanya kidogo kile kile kwa wakati ule ule, watu ishirini, mpaka anayetazama asijue mwisho wa mkono huu ni upi na mwanzo wa ule ni upi. "Anayetaka kutazamwa peke yake," Mama akasema, "angoje siku ya harusi yake."

Kuna jambo moja ambalo mzazi mweusi lazima ajiandae nalo, na sitaliruka. Binti yangu, miaka kumi na moja, alianza kuhesabu. Nilimwona kwa pembeni, midomo inacheza: mmoja, wawili, watatu. Nilijua anahesabu nini, kwa sababu nami nilihesabu mara yangu ya kwanza. Mwanamke mweusi wa kwanza kuajiriwa katika mstari huu ni Jennifer Jones, mwaka 1987. Kuanzia 1925 mpaka hapo ni miaka 62. Waliotetea hali hiyo walisema mstari unataka wachezaji wanaofanana kama kioo kwa kioo, na kwamba rangi nyingine ingevuta jicho na kuuvunja.

Mimi nimesimama kwenye mstari. Mkwakwani tulikuwa watoto wa Kidigo, wa Kibondei, wa Kisambaa, wa Kiarabu, wa Kihindi, weusi kama masizi na weupe kama maziwa ya chai, na hakuna jicho lililovutwa na rangi ya mtu. Jicho lilivutwa na aliyechelewa. Ni hicho tu kinachovunja mstari: kuchelewa, au kuwahi. Waliosema vile ama hawakuujua mstari, ama waliujua na wakautumia kama kisingizio, na wasichana wa vizazi viwili wenye miguu mirefu na sikio la mdundo wakafanya mazoezi yao mbele ya kioo cha nyumbani bila pa kwenda. Binti yangu anajua hayo yote sasa, kwa sababu nilimweleza siku hiyohiyo. Mweleze wako. Usingoje aulize. Akishajua, mwache aendelee kuhesabu. Wangu alifika mwisho wa hesabu, akatabasamu, akaacha, na jicho lake likawa zembe kama linavyotakiwa.

Mambo mengine ya katikati nayapitisha haraka. Kuna Baba Krismasi anayeongoza hadithi, kuna basi la ghorofa linalozunguka jijini hapohapo jukwaani, kuna okestra inayopanda kutoka chini kwa lifti na kusogea kama meli. Wachezaji wanabadili nguo kwa muda ambao mimi siwezi kumvalisha mtoto soksi moja. Watoto wanayapenda yote. Kama wa kwako atasinzia kidogo, asinzie hapo.

Ila mchezo wa askari wa mbao asiukose. Mwamshe.

Mchezo huu umo tangu onyesho la kwanza kabisa la mwaka 1933, mkono wa Markert mwenyewe, na sare zake ni za ubunifu wa Vincente Minnelli, aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Wanaingia 36, kofia ndefu, makoti mekundu, mashavu yamewekwa duara jekundu, suruali nyeupe zimekakamaa kama ubao. Hawakunji magoti, wala kitu kingine. Wanatembea kwa hatua fupi fupi, mistari inapita katikati ya mistari, duara linafunguka na kuwa msalaba, msalaba unakuwa gurudumu, na hakuna bega linalogusa bega. Hapa Mama alisahau kunong'ona. "Beni!" akasema, na wa mbele yetu wakageuka. Babu yake alikuwa mtu wa beni, ngoma ile ya pwani iliyoiga bendi na gwaride la majeshi, yenye vyeo vyake na vyama vyake, Marini na Arinoti, iliyoanza kabla Markert hajafikiria mstari wake wa kwanza. Nyumbani kwao kulikuwa na picha ya babu huyo, kofia ya afisa kichwani na mkongojo wa mianzi begani. Tulipokuwa wadogo tulidhani alikuwa askari kweli.

Mwishoni wanajipanga mmoja nyuma ya mwingine, kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Unaletwa mzinga. Unalia, moshi mdogo unatoka, na askari wa kwanza anaanguka kinyumenyume, mzima mzima kama mlango uliong'olewa, juu ya wa pili. Wa pili anamdaka huku naye akianza kuanguka. Wa tatu anamdaka wa pili. Inakwenda polepole kiasi cha kukukera. Unataka kuisukuma. Ukumbi mzima, watu karibu 6,000, wanashusha sauti pamoja, halafu wanaishusha tena, na ule mteremko unaendelea kutambaa, kofia baada ya kofia, mpaka wa mwisho anapolazwa juu ya mto. Angalia mikono. Kila aliyeanguka ameshikwa. Na kila aliyeshika alishika akiwa hana pa kusimama, anamtegemea wa nyuma ambaye hamwoni. Nimeiona mara tatu sasa, na mara zote tatu nimelia, na mwanangu mdogo huwa ananipa kona ya skafu yake bila kuuliza.

Kuhusu mwisho wa onyesho, mwambie mapema mzee wako kama ni Mwislamu kama wangu. Sehemu ya mwisho ni kuzaliwa kwa Yesu, nayo ipo tangu 1933: wachungaji, wafalme wenye zawadi, punda, kondoo na ngamia, wanyama hai. Nilikuwa nimemwambia Mama tangu nyumbani, kwamba ni sikukuu yao na wanaicheza kama wanavyoiamini. Alinijibu kwamba habari za Bibi Maryamu anazijua, ana sura yake nzima kifuani, na kwamba mtu kumwigiza nabii si jambo lake, atatazama wanyama. Na kweli alitazama wanyama. Ngamia walipoingia, wakubwa, shingo zinakwenda mbele na nyuma, matandiko yanameta chini ya taa, nyayo hazitoi sauti, aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Umewaona?" nikamuuliza.

"Nimezaliwa Ngamiani," akasema, "na nina miaka sabini na minne. Ngamia ndiyo namwona leo."

Mkitoka, wengi watavutwa kwenda kuona mti mkubwa wa Rockefeller Center, ambao uko hatua chache. Nenda kama mna nguvu, lakini kwa siku ya Jumamosi nakushauri mpitie barabara ya 51, mle kitu cha moto kutoka kwenye mkokoteni wa kuku na wali, mti muuone siku nyingine asubuhi. Mama alikula amesimama, kanga juu ya koti, mvuke unamtoka mdomoni, akimwonyesha mjukuu wake jinsi mkono wa lelemama unavyogeuzwa: kiganja chini, kiganja juu, bega halisogei. Binti yangu alijaribu, bega likasogea. "Tena," Mama akasema. Muuza wali alisubiri pesa yake huku naye anatazama.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kwa muda wa wiki moja baada ya onyesho, mtoto wako ataanguka. Ataanguka kinyumenyume jikoni, kwenye ngazi, kwenye foleni ya duka, akiwa amejikaza kama ubao, bila kutoa taarifa, kwa sababu kichwani mwake mzinga umeshalia. Usimkataze; hataacha. Kubalianeni ishara. Sisi tulikubaliana kwamba kabla ya kuanguka lazima aseme "Mzinga!" kwa sauti, na asubiri mtu amjibu "Nipo." Kwenye jukwaa la treni, barabara ya 33, jioni ileile, akasema. Mimi nilikuwa natafuta kadi ya nauli, baba yake ameshika makoti, dada yake anageuza kiganja. Mama akaweka mkoba wake chini, akatanua miguu kidogo, akafungua mikono.

"Nipo," akasema.